Jinsi Nilivyoipima Vibaya Kadi ya Chebet

Nyinyi vijana mna swali moja tu. Mkinikuta sokoni nachagua viazi, ni hilo. Mkinikuta nje ya kanisa, ni hilo. Juzi nilikuwa nimelazwa, goti limefungwa bendeji kubwa, kijana mmoja akainama karibu na mto wangu. Nikafumba macho nikidhani ananiombea. Kumbe ananong'ona: "Mathe, kati ya hii kadi na hii, gani ni kali?"

Nilimjibu aniletee uji kwanza. Leo nawajibu nyote kwa pamoja, ili goti langu lipumzike.

Mimi ni Naliaka. Baba yangu alitoka magharibi kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa hapa, kwa hivyo msiniulize ninatoka wapi. Wengi mnanijua kama Mathe wa Laptop, mathe kwa lugha yenu vijana ni mama. Nilitengeneza mashine kwa zaidi ya miaka thelathini katikati ya mji, kwanza taipureta, halafu zile kompyuta zenye kichogo, halafu laptop. Kazi yote niliifanyia katika chumba kimoja juu ya ngazi ambazo goti hili halitazisamehe kamwe. Sasa nimestaafu na kile chumba kinauza nywele za kusuka. Sina tena cha kuwauzia ila maneno, na hayo ninayo mengi.

Kwa yule asiyejua, kadi ya grafiksi ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora unachokiona kwenye skrini. Ukiandika barua, kadi inasinzia. Ukicheza gemu, ukitengeneza katuni, au ukichora jumba ambalo mtu anaweza kutembea ndani yake kabla halijajengwa, hapo ndipo kadi inatoka jasho. Kwenye kompyuta ya mezani unaweza kuing'oa na kuweka nyingine. Kwenye laptop mara nyingi imegandishwa kwenye bodi, ukishaoa umeoa. Ndiyo maana mtu akichagua vibaya analia miaka mitatu, na mara nyingi alikuwa akija kulia kwangu.

Aliyenifundisha kulinganisha vitu viwili hakuwahi kuona laptop maishani mwake. Alikuwa Mzee Gathogo, fundi wa taipureta, mtu mfupi mwenye koti la kijivu lililojaa wino mifukoni na maneno makali mdomoni. Mteja akija na taipureta mbili akitaka kujua anunue ipi, Mzee alitumia karatasi ile ile, utepe ule ule, na sentensi moja aliyoitunga mwenyewe kuhusu ng'ombe aliyekataa kukamuliwa. Siku moja aliniachia kazi hiyo. Mashine ya kwanza niliijaribu asubuhi, ya pili nikaijaribu jioni baada ya kushinda nikifungua skrubu. Nikamwendea nikasema ya pili ni nzito. Akaniangalia.

"Kidole ni kile kile?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nirudi kesho asubuhi nianze upya, na kesho yake ile mashine nzito ilikuwa nyepesi kama nyingine. Kilichochoka kilikuwa kidole changu. Alinitania kwa hilo mpaka siku alipofunga kazi, na sikumkasirikia, kwa sababu alikuwa na haki.

Mngedhani somo hilo liliniingia. Liliingia na kutoka. Miaka mingi baadaye, mwalimu mmoja wa Njoro aliniletea laptop mbili. Moja niliichomeka kwenye stima, nyingine nikaiacha itumie betri kwa sababu soketi yangu ya pili ilikuwa na birika la chai. Ile ya betri ikaenda kwa kujikokota, nami nikaitangazia kifo. Nilimwambia mwalimu kadi yake imechoka, aizike. Alirudi wiki ile ile ameshika chaja kama fimbo, na mwendo wake kwenye ngazi ulinieleza kila kitu kabla hajafungua mdomo. Laptop ikiwa kwenye betri huibania kadi yake chakula, ili isizimike mapema. Basi kabla ya kupima, chomeka zote mbili. Na birika lako litafutie mahali pengine.

Nikiwa hapo hapo kwenye chakula, sikieni jambo ambalo wauzaji hawawaambii. Jina la kadi si nguvu ya kadi. Unaweza kukuta kadi mbili zenye jina moja na namba moja, moja ikaiacha nyingine mbali sana. Aliyeunda laptop ndiye anayeamua kadi ipewe wati ngapi. Laptop nyembamba haina nafasi ya kutoa joto, kwa hivyo kadi yake hupewa kidogo. Ni kama ng'ombe wawili wa gredi, mmoja analishwa majani ya nepia na unga wa ng'ombe wa maziwa, mwingine anafungwa kando ya barabara ajitafutie. Ukitaka kujua bila kufungua mashine, inua chaja. Chaja nzito kama tofali inakwambia mwenye nyumba anakula. Halafu usihukumu mapema, maana dakika za kwanza kila kadi ni shujaa. Ngoja mashine ishike moto, ndipo uanze kuangalia saa.

Hayo yote niliyajua vizuri sana siku Chebet alipopanda ngazi zangu. Yajueni hayo mnaposoma, ili msije mkasema Mathe alikosea kwa kutojua. Nilikosea nikiwa najua, na hilo linauma zaidi.

Chebet alikuwa msichana wa mtaa wa Rhonda, mrefu, mpole, mwenye kuongea pole pole kama anayehesabu mayai. Kwa miaka miwili alikuwa akipanga vijitabu vya matanga, vile vya picha ya marehemu mbele na historia yake ndani. Alikuwa hodari. Watu walisema akikupangia kijitabu unatamani usome wewe mwenyewe. Lakini alitaka kuchora vitu vinavyotembea.

"Mathe, nimechoka na customer hawezi rudi kusema asante," aliniambia.

Na mlango ulikuwa umefunguka. Ofisi moja ya Naivasha, inayofundisha wafanyakazi wapya kabla ya kupanda Olkaria kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, ilitaka video ya kuonyesha mvuke unavyotoka kisimani chini ya ardhi, ukapita kwenye mabomba, ukazungusha mitambo. Walimpa wiki moja ya kujaribiwa. Video ikifika Jumatatu asubuhi na ikawapendeza, kazi ni yake mwaka mzima. Isipofika, kuna mwingine nyuma yake kwenye foleni. Laptop yake ya matanga isingeweza hata kuifungua faili ile. Alikuwa ameweka akiba ya laptop moja, na muuzaji wa mitumba ya kompyuta pale chini alikuwa nazo mbili zinazomfaa. Akaomba aziazime kwa saa chache, akazileta juu kwangu. Ilikuwa Jumanne.

Moja ilikuwa nene na nzito, ya miaka kadhaa nyuma, chaja yake unaweza kuvunjia makaa. Nyingine ilikuwa nyembamba, inang'aa, kadi yake ni ya juzi na namba yake ni kubwa. Tuziite Nene na Nyembamba. Vijana wa duka la chini walikuwa wameshatoa hukumu kwamba Nene itashinda. Mimi nikisikia vijana wamekubaliana jambo, natamani sana liwe si kweli. Hiyo ni tabia yangu, hata marehemu mume wangu aliilalamikia.

Sasa lazima niwaambie nilivyokuwa nikifanya kazi. Wenzangu wakipima kadi walikodolea macho namba kwenye skrini. Mimi nilifuma krosheti. Unaanzisha kazi moja nzito kwenye mashine zote mbili, unakaa, unafuma, na mashine ikimaliza unahesabu umefuma safu ngapi. Msicheke. Mkono wangu ulikuwa sawa kuliko saa nyingi za ukutani. Na nilichofuma kilikuwa na kazi. Mnajua nyumba zetu: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, kochi lina vyake, hata chupa ya chai inavalishwa. Kitu cha thamani hakikai juu ya mbao tupu. Basi laptop ya mgeni nayo, ikifika mezani kwangu, niliitandikia kitambaa cha sufi, kinene, kizuri, ili isikwaruzike na mwenyewe ajue amefika kwa watu.

Siku ile nilikuwa na kitambaa kimoja kilichokamilika. Cha pili kilikuwa bado mikononi mwangu, kwenye sindano. Nene, kwa kuwa ndiyo kubwa, nikaipa kitambaa. Nyembamba ikakaa juu ya mbao tupu. Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Tabasamuni, mimi nilikuwa nafuma.

Nilichomeka zote mbili. Birika niliweka mbali. Tukazipa zote kipande kile kile cha mabomba ya Chebet zichore. Nene ilianza kwa kasi, safu mbili za kwanza ikawa mbele. Halafu ikaanza kulegea, feni ikapiga kelele, na Nyembamba ikaipita taratibu. Nyembamba ilimaliza nikiwa safu ya tisa. Nene ikaja safu ya kumi na mbili.

Chebet alikunja uso. "Mathe, mbona ilikuwa inaongoza halafu ikaanguka?"

"Uzee," nikamwambia. "Hata mimi asubuhi niko sawa, ikifika mchana naanguka."

Tukacheka. Nikateremka mwenyewe kuwaambia vijana wa chini kwamba wameshindwa, na niliyafurahia maneno hayo kuliko inavyomfaa mwanamke wa umri wangu. Jioni ile Chebet akanunua Nyembamba na kurudi nayo Rhonda. Nene ikarudi dukani ikiwa na sifa mbaya niliyoiandikia mimi.

Alhamisi akanipigia simu.

"Mathe, samahani kukusumbua. Hii mashine inaenda slow sana. Nimehesabu, kwa hii speed video itaisha Jumanne."

Hapa ningeweza kuwadanganya, kwa sababu hakuna aliyesikia ila yeye. Ukweli ni kwamba niliudhika. Nilikuwa nimeipima kadi mimi, kwa mkono wangu, mbele ya watu. Nikamwambia, "Basi umechora vibaya. Umejaza vitu vingi. Kadi haina makosa, hiyo nimeipima mimi."

"Sawa, Mathe," akasema, akakata.

Ile "sawa" ilikaa kwenye sikio langu kama maji. Nilijiambia vijana wa siku hizi hawana subira. Nilijiambia mengi. Usiku huo nilimaliza kitambaa cha pili.

Ijumaa asubuhi nikakitandika mezani, nikaweka juu yake laptop ya mteja mwingine iliyokuwa imeletwa kupimwa. Nilipoianzishia kazi, feni yake ikaanza kulia. Pale kwenye korido yetu kulikuwa na Mama Atieno, aliyetuuzia chai na mandazi, mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta na hataki. Aliingia na kikombe changu, akasimama, akaitazama ile mashine kama anavyomtazama mtu anayepunja chenji.

"Naliaka, hiyo kitu inalia nini?"

"Inafanya kazi."

"Inapumulia wapi?"

"Kwa chini. Ina matundu chini, inavuta hewa baridi."

Akaweka kikombe. "Chini si umeiwekea blanketi? Hata mimi siwezi weka jiko juu ya blanketi nikaziba mlango wake, halafu nishangae makaa imekataa."

Nikaiinua ile laptop. Kitambaa kilikuwa na joto la chapati iliyotoka sasa hivi, na miguu midogo ya raba ilikuwa imezama kwenye sufi mpaka matundu yote yamezibwa. Nikaigeuza, nikaitazama, nikaigeuza tena. Kadi ikikosa hewa inapata joto, na ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Nene haikuwa imezeeka. Nilikuwa nimeikaba koo kwa mikono yangu, kwa heshima zote, huku nikihesabu safu.

"Unakimbilia wapi?" Mama Atieno akauliza. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nikateremka ngazi zile haraka kuliko nilivyowahi kuteremka. Muuzaji akaniambia Nene ameinunua Mwalimu Njoroge, kiongozi wa kwaya ya kanisa moja la Longonot. Aliichukua Jumatano. Nikaomba namba yake, nikampigia, akasema Jumamosi wana mazoezi ya kwaya, nikitaka kumwona nije huko.

Jumamosi alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Chebet. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, na alipofungua mlango, macho mekundu, nguo za jana, maneno yote yakapotea.

"Nilikosea kupima," nikasema. "Nene ndiyo ilikuwa yako. Niliiziba hewa na kitambaa. Si wewe uliyechora vibaya."

Hakunikaribisha ndani mara moja. Alisimama pale ameshika mlango.

"Mathe, kukosea si shida. Kila mtu anakosea," akasema pole pole. "Shida ni nilikuambia inachelewa, ukaniambia ni mimi. Nimekaa siku mbili nikitoa vitu kwa video. Nimetoa moshi. Nimetoa watu. Nimetoa hadi mlima. Nilidhani ni mimi sijui kazi."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana. Nilikuwa na mashahidi wawili wa ile kadi, jaribio langu na msichana aliyekuwa anaitumia usiku na mchana, na yule wa pili nilikuwa nimemfukuza mahakamani. Nikamwambia hivyo hivyo, na kwamba Nene iko Longonot, twende tukaombe kubadilishana. Akaingia kuchukua sweta na laptop.

Tulifika Longonot mazoezi yakiwa yamepamba moto. Mwalimu Njoroge alikuwa mzee mnyoofu, tai imefungwa hata Jumamosi, na kwenye kiti cha mbele Nene ilikuwa imekaa kama bibi harusi. Chini yake kulikuwa na nini? Kitambaa. Cheupe, chenye maua ya waridi, kazi ya akina mama wa kanisa, kinene kuliko changu. Nilitamani kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Nikamweleza Mwalimu shida yetu. Alisikiliza kwa makini, mikono mgongoni.

"Ngoja nielewe," akasema. "Mimi niliambiwa dukani kwamba Mathe wa Laptop ameipima hii na kuiona dhaifu. Nikasema hewala, maneno ya nyimbo kwenye ukuta hayahitaji nguvu. Sasa Mathe huyo huyo anasema hii ndiyo yenye nguvu, nimpe, nichukue ile dhaifu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kesho mtakuja na habari gani?"

Kwaya ikaangua kicheko. Nilistahili. Nikafungua mdomo nianze kutetea, na Chebet akanigusa mkono.

"Mathe, leo napima mimi," akasema. "Wewe kaa tu."

Nikakaa. Akaondoa kile kitambaa cha waridi, akakikunja vizuri na kumkabidhi mama mmoja kwa mikono miwili. Akaweka laptop zote mbili juu ya benchi tupu la mbao, zimeachana nafasi ya mkono. Akazichomeka zote. Akaziacha zikakaa kidogo ili zote ziwe na joto moja, akafunga kila kitu kilichokuwa wazi kwenye Nene, hata faili za nyimbo, baada ya kumwomba Mwalimu ruhusa. Akaziwekea kile kipande cha mabomba. Mimi nilikuwa naangalia, na hakuna alichokisahau.

"Mwalimu, mnaweza endelea kuimba," akamwambia. "Tutatumia wimbo kama saa."

Wakaimba. Ubeti wa kwanza, mashine zilikuwa sako kwa bako. Ubeti wa pili, Nene ikaanza kuachana na mwenzake, na safari hii haikulegea. Soprano waliimba shingo zimegeukia benchi, na Mwalimu mwenyewe alikuwa anaelekeza kwaya huku amewapa mgongo. Nene ilimaliza kabla hawajafika mwisho wa wimbo wa kwanza. Nyembamba iliwahitaji waimbe wimbo wa pili wote, na wa tatu, na mtu wa besi akalalamika kwamba koo limekauka.

"Rudia," Chebet akasema. "Nizibadilishe zikae upande mwingine, isije ikawa ni dirisha."

Nawaambia ukweli, hapo moyo wangu ulijaa. Hilo la dirisha mimi singelikumbuka. Akabadilisha, wakaimba tena, na jibu likawa lile lile.

Mwalimu Njoroge akakohoa. "Na hiyo nyembamba, ina kelele?"

"Haina," nikasema. "Ni nyepesi, inakaa na betri muda mrefu, na kwa maneno ya nyimbo haitatoa hata pumzi. Kwa kazi yako, hiyo ndiyo nzuri kuliko hii. Naapa."

"Usiape kanisani," akaniambia. Kisha akainama kidogo. "Jumatano kwenye maombi, hii nene ilivuma kama posho mill ya kusaga mahindi. Mzee mmoja alidhani ni Roho. Chukueni."

Na hapo ndipo mnielewe vizuri, nyinyi mnaouliza kadi gani ni kali. Kwa Mwalimu Njoroge, Nyembamba ilikuwa bora na bado ni bora. Kwa Chebet ingemvunja. Unapima kwa kazi ya mtu, kwenye benchi la mtu, na mtu mwenyewe akiwepo. Tuliwahamishia nyimbo zao zote, tukaziangalia moja moja ukutani, tukapewa chai na viazi vitamu, tukaondoka na lile tofali la chaja.

Chebet alirudisha moshi kwenye video. Akarudisha watu, akarudisha mlima. Akaiacha Nene kwenye meza tupu, imeinuliwa kwa vifuniko vinne vya soda, ikachora usiku kucha, na stima ya Rhonda, kwa rehema ambazo sijui tuzishukuru vipi, haikupotea. Mimi sikulala. Nilimpigia simu Jumapili mara nyingi mpaka akaniambia, kwa upole wake ule, nimwache afanye kazi. Video iliisha Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi aliipeleka Naivasha mwenyewe kwa mkono, hakutaka kuiamini intaneti.

Alhamisi simu yangu ikalia. Niliiacha ilie mara tatu kwa sababu niliogopa.

"Mathe."

"Chebet. Wamesemaje?"

"Wamenipa kazi."

Nikarudia maneno hayo kwa sauti. Mama Atieno, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, alishangilia kwa niaba yangu, kwa sauti iliyosikika mpaka duka la chini.

"Na kuna kitu kingine," Chebet akaendelea. "Wanataka kununulia ofisi laptop. Wamenipa mbili kwa karatasi, wameniuliza gani iko na kadi kali. Nikuambie majina?"

Akaniambia majina. Nilizijua zote mbili. Nilijua wati zake, nilijua chaja zake, nilikuwa na jibu limekaa kwenye ncha ya ulimi, jibu zuri, la haraka, ambalo lingewafurahisha wote na kuwaudhi vijana wa chini. Nikalimeza.

"Sijui," nikamwambia.

"Mathe, kwa miaka hiyo yote, umewahi kumwambia mtu hivyo?"

"Hapana."

Nikamsikia akicheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Jumanne ile.

"Basi zikifika nakuja nazo," akasema. "Sasa nakuamini."